Mwana wa Mhunzi: Jinsi ya Kuupima Mwaka wa Uanagenzi wa Daktari wa Wanyama



Wazee wetu walisema, Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Kusana ni kufua chuma, na kuvukuta ni kupuliza moto kwa mivukuto. Maana yake, kijana aliyezaliwa katika nyumba ya mfua chuma, hata kama hajapewa nyundo, hakosi kushika mivukuto. Na katika kuvukuta huko macho yake yajifunza. Maneno hayo ni ya kweli, lakini yana upande wa pili usiotajwa mara nyingi. Yuko mwana wa mhunzi aliyevukuta mwaka mmoja, kisha akapewa nyundo, akafua jembe lake la kwanza huku baba yake akimtazama. Na yuko mwingine aliyevukuta miaka kumi, na siku baba yake alipofariki hakujua hata kutia kisu makali. Wote wawili walitoka jasho. Wote wawili moshi uliwaingia machoni. Mbona mmoja ni fundi na mwenziwe si fundi?

Hilo ndilo swali la mazungumzo yetu ya leo, ila tutalifuata mbali, katika nchi ya Marekani, kwa madaktari wa wanyama. Nataka kuwaeleza jinsi daktari kijana wa huko atumiavyo mwaka mmoja wa uanagenzi baada ya kutoka chuoni, na jinsi mtu awezavyo kupima kama mwaka huo ni wa kumfundisha kazi au ni wa kumtumikisha tu. Nimeichagua Marekani kwa sababu desturi hiyo imestawi sana huko, na mambo yake, mema na mabaya, yaonekana wazi. Mwishoni tutarudi nyumbani, tuone lipi latufaa sisi wenye ng'ombe na mbuzi.

MWAKA HUO NI NINI

Katika Marekani, mtu atakaye kuwa daktari wa wanyama husoma kwanza miaka kadhaa katika chuo kikuu, kisha huingia chuo cha udaktari wa wanyama, ambako mafunzo huwa ya miaka minne kwa kawaida. Akimaliza, na akishinda mtihani mkuu na kupata leseni ya jimbo lake, amekwisha kuwa daktari kwa haki. Aweza kutibu ng'ombe, farasi, mbwa na paka, wala sheria haimlazimishi kufanya mwaka wa uanagenzi. Hapo ndipo atofautianapo na daktari wa watu, ambaye hapewi leseni kamili pasipo kutumikia kwanza hospitalini chini ya wakubwa wake.

Walakini vijana wengi huutaka mwaka huo kwa hiari yao. Wengine waona kwamba vichwa vyao vimejaa maarifa, lakini mikono yao bado mizito. Wengine wataka kuwa mabingwa, kama vile bingwa wa kupasua, wa macho, au wa maradhi ya moyo. Na kwa ubingwa wa namna nyingi, mlango wa kuingilia ni mwaka huo. Baada yake hufuata mafunzo ya ubingwa wenyewe, aghalabu miaka mitatu, na mwishoni mtihani mgumu.

Uanagenzi huo ni wa namna mbili. Namna ya kwanza ni ule wa kuzunguka: kijana hukaa majuma machache kwa wapasuaji, kisha kwa waganga wa maradhi ya ndani, kisha katika chumba cha wagonjwa wa ghafula, na kadhalika. Namna ya pili ni ule wa fani moja, ambao kwa kawaida hufuata ule wa kwanza. Yote miwili hufanyika katika hospitali za vyuo vikuu, na katika hospitali kubwa za watu binafsi, nyingi zikiwa zafunguliwa usiku na mchana.

Jinsi ya kuingia nayo yafaa kuelezwa. Mambo mengi hupitia mpango mmoja wa nchi nzima. Kijana hutazama orodha ya hospitali, huchagua anazozitaka, na kuzipanga: hii ya kwanza, hii ya pili, hii ya tatu. Hospitali nazo huwapanga vijana vivyo hivyo. Kisha kompyuta huoanisha orodha hizo mbili. Madaktari wa watu katika Marekani walianza kuoanishwa kwa njia ya namna hiyo mwaka 1952. Mara matokeo yatangazwapo, hayo ni mapatano. Kijana hawezi kusema, La, nimebadili nia, wala hospitali haiwezi kumkataa. Basi fikirini: mtu ajifunga kwa mwaka mzima mahali ambapo labda hajapaona kwa macho yake. Asipojua kupima kabla ya kujifunga, atapima baadaye kwa majuto.

NANI APIMAYE

Mtu ataniuliza, Je, hakuna baraza linalopima mahali hapo kwa niaba ya vijana? Jibu ni nusu ndiyo, nusu siyo. Chama cha Madaktari wa Wanyama cha Marekani kina baraza la elimu, lililoundwa mwaka 1946, ambalo huvikagua vyuo vya udaktari wa wanyama na kutoa ithibati. Lakini baraza hilo huvikagua vyuo, halikagui mwaka wa uanagenzi. Chama kimetoa mwongozo, na ndani yake chasema neno kubwa: kwamba mwaka huo sharti uwe kwanza kwa faida ya kumfundisha kijana, si kwa faida ya kuitumikia hospitali. Neno hilo ni jema, ila mwongozo si muhuri. Mwenye hospitali aweza kuusoma, akaukubali kwa mdomo, na kazi zake zikaendelea kama zamani.

Kwa hiyo kijana hupima mwenyewe, na wengi hukosea mahali pale pale. Hupima kwa kutazama majengo. Huona vyumba vya kupasulia vinavyong'aa, mashine za kupiga picha za ndani ya mwili, na orodha ndefu ya mabingwa kwenye karatasi, akasema, Hapa ndipo. Sisemi kwamba vitu hivyo ni bure. Lakini mashine haimfundishi mtu, na bingwa asiyeonekana wodini ni jina tu. Vyote ving'aavyo si dhahabu. Yafaa mtu aulize maswali matano.

SWALI LA KWANZA: USIKU NI NANI ALIYE KARIBU?

Tuseme ni saa nane ya usiku. Mwenye mbwa mkubwa aja mbio hospitalini. Mbwa wake ataka kutapika asiweze, na tumbo lake limevimba na kukaza kama ngoma. Huo ni ugonjwa ujulikanao sana kwa mbwa wakubwa wenye vifua virefu: tumbo hujaa hewa, kisha hujisokota kama mdomo wa mfuko uliofungwa. Damu hushindwa kurudi moyoni vizuri, na mnyama aweza kufa kwa saa chache. Dawa yake ni kutiwa maji mshipani upesi, kutolewa ile hewa, kisha kupasuliwa, ili tumbo lisokotolewe na kushonewa ubavuni lisijisokote tena.

Daktari mwanagenzi amesoma haya yote. Aweza kuyaandika katika mtihani pasipo kosa. Lakini usiku huu ni mara ya kwanza kuyaona kwa macho yake.

Katika hospitali moja, mkubwa wake yuko chumba cha pili, au hufika baada ya muda mfupi. Kijana aanza kazi ya maji na ya hewa. Mkubwa asimama kando yake, amwonyesha mahali pa kupitisha sindano, na wakati wa kupasua wote wawili wavaa glavu. Asubuhi kijana amejua jambo ambalo hatalisahau maishani.

Katika hospitali nyingine, karatasi yasema kwamba bingwa yupo kwa simu. Lakini mwanagenzi aliyepiga simu juma lililopita alikaripiwa, akaambiwa, Wewe ni daktari au si daktari? Basi kijana huyu aogopa kupiga. Ajaribu peke yake. Mbwa akipona, kijana hajui kama ni kwa ustadi au kwa bahati. Mbwa akifa, kijana hajui alikosea wapi, na mwenye mbwa amelipa fedha nyingi kwa kujifunza kwa mtu mwingine pasipo mwalimu.

Kwa hiyo haitoshi kuuliza, Je, kuna msimamizi? Kila hospitali itajibu, Yupo. Waulizeni wanagenzi waliopo: Mara ya mwisho ulipompigia simu mkubwa wako usiku, alikuja? Na alipokuja, alisema nini? Jibu la swali hilo moja lina thamani kuliko karatasi kumi za sifa.

Tena usimamizi mwema haukai kwa kipimo kimoja mwaka mzima. Mtoto afundishwaye kuogelea hushikwa kwanza tumboni, kisha mkononi, kisha mwalimu husimama hatua mbili mbali naye akimtazama. Asiyeachiliwa kamwe hatajua kuogelea. Aachiliwaye siku ya kwanza aweza kuzama. Mahali pema ni pale ambapo mwezi wa kwanza na mwezi wa kumi havifanani.

SWALI LA PILI: MKONO WA NANI HUSHIKA KISU?

Hospitali nyingine hujisifu kwamba hutibu wanyama maelfu kwa mwaka. Ni sifa njema, lakini hesabu hiyo ni ya hospitali, si ya kijana. Katika hospitali nyingi mna pia wale walio katika mafunzo ya ubingwa, nao ni wakubwa kwa mwanagenzi na wana haja yao ya kujifunza. Upasuaji ukija, wao hutangulia. Mwanagenzi hubaki kushika ndoana za kufungulia jeraha, kuandika taarifa, na kumpigia simu mwenye mnyama. Huko ndiko kuvukuta.

Kuvukuta si aibu, na mwanzo wa kila kazi ni hapo. Lakini kuna ngazi ya vidato vinne: kutazama, kusaidia, kutenda ukitazamwa, na kutenda peke yako. Mwaka mwema humpandisha kijana kidato kwa kidato. Na njia ya kujua ni rahisi: awe na daftari. Kila siku aandike ugonjwa aliouona, na kando yake aandike kidato alichosimama. Baada ya miezi mitatu, daftari lenyewe litasema. Likiwa lote limejaa neno nilitazama, hapo pana kasoro, na yafaa mwalimu wake aonyeshwe mapema, kabla mwaka haujakwisha.

Lakini jihadharini na kosa la upande wa pili. Kuna wadhanio kwamba wingi wa kazi pekee ndio mafunzo. Mtu aliyeshona majeraha mia moja pasipo kusahihishwa hata mara moja, yamkini amerudia kosa moja mara mia. Mkono wake umekuwa mwepesi katika njia mbaya. Kazi hufundisha pale ambapo mtu huitenda, huambiwa alipokosea, kisha huitenda tena. Basi ulizeni hesabu ya kazi, na pamoja nayo ulizeni, Nani aliitazama, na alisahihisha nini?

SWALI LA TATU: MAKOSA HUFANYWAJE?

Hapa nataka kuwaeleza habari ya daktari mmoja wa watu, kwa sababu jambo lake lawahusu madaktari wa wanyama vile vile. Katika mji wa Boston alikuwako mpasuaji aitwaye Ernest Amory Codman, aliyezaliwa mwaka 1869 na kufa mwaka 1940. Codman aliona kwamba hospitali zilihesabu wagonjwa waliotibiwa, lakini hazikuuliza walipona au la. Akasema kwamba yafaa kila mgonjwa awe na kadi yake, na baadaye, hata baada ya mwaka, atafutwe, aulizwe hali yake. Asipopona, sababu itafutwe: ni kosa la maarifa, au la mkono, au ugonjwa ulikuwa hauna dawa?

Wakubwa wenzake hawakupendezwa. Codman akaendelea katika hospitali ndogo yake mwenyewe, aliyoifungua mwaka 1911. Akatangaza kwa maandishi habari za wagonjwa 337 waliotoka hospitalini mwake hata mwaka 1916, na makosa 123 aliyoyaona katika kazi hiyo, yakiwamo yake mwenyewe. Watu wengi walimcheka wakati ule. Leo jina lake hutajwa kwa heshima, na fikira yake ya kufuata mwisho wa kila tiba imeenea ulimwenguni.

Hospitali njema ya wanyama ina mkutano wake wa namna hiyo. Mnyama akifa pasipo kutazamiwa, madaktari hukaa pamoja, wakubwa kwa wadogo, na kuuliza kilichotokea. Katika mkutano mzuri, mkubwa ndiye aanzaye kusema, Hapa mimi nilichelewa. Mwanagenzi asikiapo hivyo, naye hupata ujasiri wa kutaja kosa lake kabla halijamwua mnyama wa pili. Mahali ambapo mikutano hiyo haipo, au ipo kwa ajili ya kumwaibisha mdogo, makosa hayapungui, hujificha tu. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

SWALI LA NNE: ANALALA SAA NGAPI, NA ANAKULA NINI?

Wako watu wasemao kwamba uchovu ndio mwalimu wa kijana, na kwamba wao wenyewe walikesha, wakafaulu. Nao si waongo, walikesha kweli. Lakini hawakuhesabu waliyoyakosea walipokuwa wamechoka.

Mwaka 1984 katika jiji la New York msichana wa miaka 18 alifariki hospitalini baada ya kutibiwa usiku na madaktari wanagenzi waliofanya kazi kwa saa nyingi mno na kwa usimamizi haba. Sababu ya kifo chake ilibishaniwa muda mrefu, lakini habari hiyo iliamsha watu. Mwaka 1989 jimbo la New York lilianza kuweka mpaka wa saa 80 kwa juma kwa madaktari wa watu walio katika mafunzo, na mwaka 2003 mpaka wa saa 80 uliwekwa kwa mafunzo ya namna hiyo katika Marekani nzima. Saa 80 bado ni nyingi, karibu mara mbili ya juma la mfanyakazi wa kawaida. Hata hivyo ni mpaka.

Amri hizo ziliwekwa kwa madaktari wa watu, si wa wanyama. Kwa hiyo yule wa wanyama hana budi kuuliza mwenyewe: Zamu za usiku ni ngapi mfululizo? Baada ya kukesha, kijana huenda kulala, au huendelea na kazi ya mchana? Mwaka mzima ana siku ngapi za kupumzika?

Kuhusu mshahara, wanagenzi hulipwa kidogo kuliko wenzao waliokwenda moja kwa moja kufanya kazi, na wengi hutoka chuoni wakiwa na deni kubwa la masomo. Tofauti hiyo ya mshahara ndiyo ada alipayo kijana kwa kufundishwa. Mtu akikubali kulipa ada, ana haki ya kudai darasa. Hospitali imlipayo kidogo na kumfundisha sana imefanya biashara ya haki. Hospitali imlipayo kidogo na kutomfundisha imepata daktari kwa bei ya nusu, na imepata faida kwa jina la elimu.

SWALI LA TANO: WALIOTANGULIA WAKO WAPI?

Mti hujulikana kwa matunda. Basi tuulize habari za waliomaliza mwaka jana na mwaka juzi. Lakini hata hapa pana mitego mitatu.

Mtego wa kwanza: hospitali husema, Wanagenzi wetu wengi wamechukuliwa katika mafunzo ya ubingwa. Yaweza kuwa kweli, na bado isiwe sifa ya mafunzo yake. Hospitali yenye jina kubwa huchagua vijana hodari tangu mwanzo, na vijana hodari hufaulu popote. Mkulima aliyepewa bonde lenye rutuba asijisifu kwa mavuno kabla hatujajua alilima vipi.

Mtego wa pili: huulizwa wale waliomaliza tu. Je, waliokwenda zao katikati ya mwaka? Mtu mmoja akiondoka, yaweza kuwa sababu yake mwenyewe. Wakiondoka wawili au watatu kila mwaka, sababu imo ndani ya nyumba.

Mtego wa tatu ni hofu. Mwanagenzi aliyepo ataka barua ya sifa kutoka kwa wakubwa wake, maana pasipo barua hiyo mlango wa ubingwa ni mgumu kufunguka. Ukimwuliza mbele yao, atasema kila kitu ni kizuri. Mwulize faraghani. Bora zaidi, mwulize aliyeondoka miaka miwili iliyopita, ambaye hana la kuogopa wala la kutumaini tena kwao. Waulize pia wauguzi wa wanyama, kwa kuwa wao hukaa miaka mingi, wanagenzi wakija na kupita mbele ya macho yao.

NA UPANDE WA HOSPITALI

Tusiwe waamuzi wa upande mmoja. Kufundisha ni gharama. Upasuaji ambao bingwa aumaliza kwa saa moja, mwanagenzi aweza kuufanya kwa saa mbili, na muda wote huo mnyama amelala kwa dawa ya usingizi, chumba kimeshikwa, na bingwa amesimama pasipo kufanya kazi yake nyingine. Mwenye mnyama naye ana haki ya kupata tiba iliyo salama. Kwa hiyo hospitali haiwezi kumpa kijana kila kitu, wala kijana asidai hivyo. Na kazi za kuandika, kusafisha jeraha, na kukesha na mgonjwa nazo ni sehemu ya udaktari. Atakayezidharau hatakuwa daktari mzuri.

Lakini hiyo gharama ndiyo kipimo chenyewe. Mahali pa kweli pa mafunzo hukubali kupoteza kitu kwa ajili ya mwanafunzi: saa za bingwa, utaratibu wa kazi, fedha kidogo. Ukitaka kujua kama hospitali yafundisha, tafuta kile inachokubali kupoteza. Ukiona haipotezi chochote, na kila saa ya kijana hugeuka faida yao, basi hapo mivukuto ipo, ila nyundo haipo.

TURUDI NYUMBANI

Huenda mzee mmoja aliyekaa kibarazani asema, Haya ya Marekani yanihusu nini mimi na ng'ombe zangu sita? Yakuhusu, mzee wangu. Katika nchi zetu pia madaktari wa wanyama hufundishwa: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo huko Morogoro, Chuo Kikuu cha Nairobi, na Makerere huko Kampala. Vijana hao nao hutoka darasani kwenda kujizoeza, na wengine watafika zizini kwako. Siku hiyo wewe utakuwa sehemu ya shule yao.

Basi ng'ombe wako akishindwa kuzaa, na kijana akaja pamoja na bwana mifugo mzoefu, usimfukuze kijana ukisema, Simtaki mwanafunzi. Mwache aingize mkono aone ndama amekaaje, mradi mkubwa wake yupo kando na amekwisha kupima yeye mwenyewe. Lakini kijana akija peke yake kwa kazi iliyomzidi, una haki ya kuuliza kwa upole, Mwalimu wako yuko wapi? Kwa maneno hayo wamtetea ng'ombe wako, na kijana pia wamtetea.

Tena, kijana akisema, Ngoja kidogo, nimpigie simu mkubwa wangu nimwulize, usimcheke wala usiwaambie jirani kwamba hajui kazi. Kuuliza si ujinga. Kijana huyo amefundishwa vema. Wa kuogopwa ni yule asiyeuliza, kwa kuwa alipouliza zamani alikaripiwa.

Na ninyi vijana wa shule, ambao kesho mtakwenda kujifunza kazi, iwe ni udaktari, useremala, ubaharia au ushonaji, chukueni maswali haya matano: Shida ikija usiku, ni nani atakuwa karibu nami? Mkono wangu utatenda nini? Nikikosea, tutazungumzaje? Nitapumzika lini na nitakula nini? Na waliopita hapa kabla yangu wako wapi? Yaulizeni kabla ya kufunga mapatano. Kisha, mkiisha kuingia, msiogope moshi wala jasho. Vukuteni kwa moyo wote, huku mkiitazama nyundo, na wakati wake ufikapo mwiombe.